Fundi Vitasa Anajibu: Ufunguo wa zimamoto umebaki kwangu

*Shikamoo fundi. Nilikuwa mlinzi wa jengo la ghorofa kumi na moja kwa miaka sita, nikaacha kazi mwaka juzi. Wiki hii nikiwa nahama chumba, nimekuta kwenye kishada changu cha funguo za zamani ule ufunguo wa lifti na geti la dharura, wanaotumia zimamoto. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Mke wangu anasema niutupe. Shemeji anasema niuweke, siku moja utanifaa. Je, nina kosa?*

Marahaba, mwanangu. Shemeji usimsikilize. Na mkeo ana nia njema, lakini naye usimsikilize.

Huo ulio nao mtaani tunauita ufunguo malaya, kwa kuwa haukatai mlango. Ufunguo wa chumba chako ukipotea, unaita fundi, anabadilisha kitasa, mnalala. Huo ukipotea hakuna cha kubadilisha, maana mara nyingi haukuchongwa kwa ajili ya jengo lako peke yake. Zimamoto wakifika usiku moshi unatoka dirishani, hawawezi kusimama getini wakijaribu funguo mia mbili. Ndiyo maana sehemu nyingi hutumia ufunguo mmoja kwa milango mingi. Urahisi huo ndio uliokuja kuwa shida.

Wewe umekaa lindo, unajua unavyofanya kazi, ila acha niwaeleze wenzako. Unauingiza kwenye tundu pale chini, unazungusha. Lifti inawaacha wote walioiita, inashuka moja kwa moja, inafungua mlango na kutulia. Vitufe vya ghorofa za juu vinakuwa mapambo. Kwa zimamoto ni sawa kabisa. Ila akizungusha kijana mwenye utani, mama wa kiti cha magurudumu aliye ghorofa ya tisa anabaki huko huko.

Umeuliza kuhusu kosa. Sheria hazifanani. Uingereza, kifungu cha 25 cha sheria ya wizi ya mwaka 1968 kinamshika mtu aliye nje ya makazi yake na chombo cha kutumia katika wizi au uvunjaji. Hapo kinachotazamwa ni chombo pamoja na dhamira. Mahali pengine kuwa nao tu bila idhini kunaweza kukuponza, hata kama uliusahau. Kwa hiyo tazama sheria ya hapo ulipo, lakini usisubiri kuisoma ndipo uurudishe. Leo bado una maelezo ya mtu mwaminifu: nimehama, nimeuona, nimeuleta. Mwaka ujao, ukikutwa nao mfukoni karibu na geti la watu, maelezo hayo hayo yatasikika vibaya.

Usiutupe, kwa sababu jalalani kuna wanaookota, na mwenye jicho anaujua. Usiutie kwenye bahasha ukaupeleka posta. Chuma hutoboa karatasi kikaangukia njiani. Na tafadhali, usiupige picha ukamtumia meneja wako wa zamani kumuuliza "ni huu?" Mwaka 2008 watafiti wa chuo kikuu cha California kule San Diego walipiga picha ya funguo zilizowekwa mezani, wao wakiwa juu ya paa umbali wa karibu mita 60, na kompyuta ikawasomea meno ya funguo hizo, kiasi cha kuweza kuzichonga. Mwaka 2014 gazeti la Washington Post lilichapisha picha ya funguo kuu za maofisa wanaokagua mizigo viwanja vya ndege Marekani. Mwaka uliofuata watu wakawa wanazichapa kwa plastiki nyumbani. Hata nambari iliyogongwa kichwani usiiandike popote. Kwetu sisi mafundi, nambari hiyo inaweza kutosha kuchonga ufunguo bila hata kuuona.

Nenda nao mwenyewe kwa msimamizi wa jengo. Kama kampuni ilishabadilika, nenda kituo cha zimamoto kilicho karibu. Andika karatasi mbili: tarehe, "ufunguo mmoja wa dharura", jina la anayepokea na sahihi yake. Moja ibaki kwako. Wakikuambia "weka tu hapo mezani", usiweke.

Nasema hivi kwa sababu imenikuta. Nikiwa kijana, mashine yangu ina miezi michache tu, alikuja mtu wa kampuni fulani ya ulinzi, shati limenyooka, akaleta ufunguo wa namna hiyo. "Fundi, chonga kumi." Nikachonga kumi. Juu yake yalikuwa yamegongwa maneno kwamba hauruhusiwi kunakiliwa, lakini maneno hayo hayajawahi kuzuia mashine kuzunguka. Baadaye vitu vikaanza kupotea kwenye ofisi za jengo lile, mlango haujavunjwa, kitasa hakijakwaruzwa. Polisi wakanifuata, wakauliza nilizichonga kwa ajili ya nani. Sikuwa na daftari, jina, wala risiti. Siku mbili nilijibu maswali ambayo mstari mmoja wa kalamu ungeyamaliza. Nani alikuwa na ule wa kumi mpaka leo sijui.

*Fundi, geti letu la nyuma lina kufuli la zimamoto. Vijana wa mtaa wameupata ufunguo wake, wanapita na pikipiki usiku. Kamati inataka tuweke kufuli letu. Unasemaje?*

Hasira yenu naielewa. Hata hivyo, dada yangu, msilibadilishe kabla ya kuongea na zimamoto. Wakifika wakakuta kufuli geni watakata mnyororo, ndiyo, lakini watakata huku nyumba inaungua. Waambieni ufunguo umevuja, waulizeni watakubali nini badala yake. Kuna sehemu huweka ufunguo wa geti ndani ya kisanduku cha chuma ukutani, ambacho zimamoto peke yao hukifungua. Kampuni ya Knox ya Marekani inavitengeneza tangu miaka ya 1970. Siku hizi ufunguo wa kisanduku hukaa kwenye gari lao ndani ya kifaa kinachodai namba ya siri, na kinaandika nani kautoa na saa ngapi. Ndilo daftari ambalo mimi sikuwa nalo.

*Babu yangu alikuwa zimamoto. Kaniachia ufunguo wake wa kazi, nauvaa kama kidani. Kuna mtu mtandaoni anataka kuununua. Niuze?*

Usiuze, mjukuu wangu. Mwaka 2012 gazeti moja la New York lilinunua mtandaoni seti ya funguo tano za namna hiyo, zikiwemo za lifti za mji mzima. Aliyeziuza ni fundi vitasa mstaafu kama mimi. Niliposoma habari ile niliona aibu kwa niaba yake.

Nenda kwanza kituoni alikofanya kazi babu, waambie ulivyoupata. Wakikuruhusu ubaki nao, uvae, lakini meno yaondolewe kabisa na nambari ifutwe. Kichwa kile alichokishika babu kitabaki. Mashine nimeshauza, lakini tupa ya kusugulia chuma ninayo bado. Dakika kumi zinatosha.