Yaya, hii proksi inanificha kweli?

SWALI: Yaya, mi niko mwanafunzi hapa Lubumbashi, nakaa Kamalondo. Kule nafanya staji walifunga Facebook kwenye koneksio yao, rafiki moja akanionyesha saiti ya proksi, unaingia, unaandika adresi ya Facebook mule ndani ya kasanduku na inafunguka bila shida. Alisema tena hakuna mutu anaweza kujua kama njo mimi. Sasa tangu juzi naona matangazo ya pari za mupira kila upande, na usiku nikapata mesaje kwamba kuna mutu anajaribu kuingia kwenye konte yangu. Hii proksi inanificha ao hapana?

JIBU: Mudogo wangu, mbele ya kusoma zaidi, badilisha modepasi ya Facebook sasa hivi, na usipitie kwa ile proksi, tumia mega zako mwenyewe kwenye telefone. Kama ni ileile unatumiaka kwenye imeli, badilisha na kule. Umemaliza? Haya.

Proksi ni sawa na kutuma mutoto butiki. Mama anamutuma alete sukari, mwenye butiki anaona mutoto tu, hajui hata mama anakaa avenyu gani. Hapo rafiki yako alisema kweli, Facebook inaona adresi ya IP (namba inayotambulisha koneksio) ya proksi, ya kwako haioni. Lakini mutoto mwenyewe anajua nani alimutuma na amenunua nini, na kama ulimupa pochi nzima aende nayo, anaweza kuifungua njiani. Modepasi yako njo pochi.

Rudi kwenye ile saiti, usiingie konte yoyote, angalia tu juu kabisa kwenye mustari wa adresi. Chini utaona sura ya Facebook, buluu yake, kila kitu mahali pake, lakini jina lililoandikwa kule juu ni la proksi, si facebook.com. Hata kale ka kufuli kanalinda njia ya kutoka kwako mpaka kwa proksi, basi. Proksi inachukua ukurasa, inaufungua kwake, inauandika upya halafu njo inakutumia, kwa hiyo kila kitu umeandika kinapita mikononi mwake kikiwa wazi, na ikitaka kubandika pari za mupira katikati inabandika. Yule mutu wa usiku siwezi kuapa kwamba alitokea pale, lakini ningekuwa wewe ningehesabu ile modepasi imeshaibiwa.

Tena wale wa staji, hata kama hawaoni unasoma nini, wanaona mashini yako inaongea na saiti moja ya ajabu toka asubuhi mpaka jioni, na hiyo peke yake inatosha wakuite.

Na proksi nyingi zinaandika kitabu cha wageni, nani aliingia, saa ngapi, alienda wapi. Mwaka 2011 HideMyAss ya Uingereza, ambayo kazi yake ilikuwa kuuza kujificha, ilipata amri ya mahakama, ikatoa kumbukumbu zake, na kijana moja wa Marekani akakamatwa kwa kuingilia mashini za Sony Pictures. Simutetei, alifanya mabaya, lakini aliamini neno «siri» lililoandikwa kwenye mulango.

Kwa kusoma ukurasa usiodai konte, proksi itakusaidia. Kama unahitaji kujificha kabisa kuna Tor, programu ya bure ya kufungulia intaneti, inapitisha ombi lako kwa watoto watatu: wa kwanza anakujua lakini hajui unaenda wapi, wa mwisho anajua unaenda wapi lakini hakujui. Inatembea polepole, uwe na moyo. Na ukiingia mule na jina lako, umejitaja mwenyewe.

SWALI: Mi ni mama wa bitenge, Katuba, nauzisha kwa WhatsApp. Wakati wa uchaguzi walikata intaneti, watoto wakasema niweke VPN ya bure. Niweke?

JIBU: Mama, VPN ni ndugu ya proksi, inapitisha koneksio yako yote kwa mashini ya mutu mwingine. Kukatwa kwa intaneti kwa tarehe 31 Desemba 2018 kulidumu karibu siku 20, na barabara ikikatwa yote hakuna VPN ya kupita. VPN inasaidia pale wamefunga saiti fulani tu. Ya bure iogope, juu mashini zake zinakula feza kila siku na kuna mutu analipa. Mwaka 2015 ilijulikana kwamba Hola, VPN moja ya bure, ilikuwa inauza koneksio za watu walioitumia, watu wengine wakipita kwa jina lao.

Biashara yako ni ya WhatsApp, na mesaje zake zinafungwa toka kwako mpaka kwa mukiriya tangu 2016. Ingia kwenye mipangilio, konte, uthibitishaji wa hatua mbili, uweke namba sita ambazo si mwaka wa kuzaliwa kwa mutoto wako. Na ile kodi inayokuja kwa SMS usimupe mutu, hata akikuita shangazi.