Vito vya jukwaani: vya kweli au vioo?

Aliyeuliza kama vito vya mavazi ya zamani ya opera na bale (dansi ya jukwaani) za Urusi vilikuwa almasi kweli: vingi, hapana. Ni vioo vya rangi, lulu bandia na vyuma vya bei rahisi vilivyopakwa rangi ya dhahabu. Si ubahili tu. Aliyekaa ghorofa ya juu haoni jiwe, anaona mng'ao, kwa hiyo fundi hushona mawe makubwa makubwa. Ukiyatazama kwa karibu, mshono wa harakaharaka na michirizi ya brashi vinakuchekesha. Kwenye bale kuna na uzito: ukizunguka na taji zito, shingo ndiyo inayolipa. Boris Godunov, mfalme wa Urusi katika opera yenye jina lake, anaweza kubeba zaidi, yeye anatembea polepole.

Ila usiseme vyote ni bandia. Mathilde Kschessinska, nyota wa bale wa St. Petersburg, alipanda jukwaani na almasi zake mwenyewe! Na Diaghilev, mwandaaji wa maonyesho kutoka Urusi, alipopeleka opera hiyo ya Boris Godunov mjini Paris mwaka 1908, mwimbaji Chaliapin akiwa ndiye mfalme, baadhi ya nguo na kofia za kike zilikuwa za wanavijiji halisi. Mchoraji Bilibin alizikusanya kaskazini mwa Urusi.

Ukikutana na vazi la aina hii mnadani, usianze na mawe. Ligeuze ndani utazame bitana: mara nyingi utakuta jina la mchezaji limeandikwa kwa wino, wakati mwingine majina mawili, la kwanza limekatwa kwa mstari.