Ukikuta "ne" kwenye lugha ya watu usikimbilie kusema ni yetu

Kama we ni mtu wa maneno kama mimi basi lazima umeshatumiwa ile meseji ya kwenye magrupu, imefowadiwa mpaka imechakaa, inayosema neno fulani la Kijapani sijui la Kikorea asili yake ni kwetu, alafu chini wamepanga maneno mawili matatu yanayofanana na basi, ushahidi ndo huo. Mi hizi mada nazipenda mno na nimezifuatilia kwa muda, na kwa yeyote anayetaka kuingia huku ushauri wangu ni mmoja: ogopa maneno mafupi. Neno la silabi moja likifanana na lako halijakwambia kitu bado.

Chukua ne. Konsonanti moja vokali moja, sauti za kawaida kabisa ambazo lugha nyingi tu zinazo. Mgiriki akikwambia ne amekubali, ni ndiyo. Vuka mpaka hapo juu uingie Bulgaria, ne ni hapana, na Wabulgaria wenyewe ndo wale wanaotikisa kichwa wakikubali na kukataa kwa kichwa cha juu chini, kwa hiyo ukitoka kwa jirani yake ukafika hapo hujajipanga utachanganyikiwa vibaya. Mturuki akisema ne anauliza nini. Mhungaria ne yake ni ya kukataza, usifanye. Mjapani anamalizia nayo sentensi kama sisi tunavyosema "au sio?", na Mbrazili naye anafanya hivyohivyo. Mkorea akiitikia kwa adabu anasema ne, naam. Mhausa anayo pia, ile ya shi ne, yaani ndiye. Na sisi tunayo kwenye watu wanne, vitabu vinne.

Sasa hapa ndo watu huanza kuchora mishale kwenye ramani. Na kuna mtego mmoja mtamu sana humu, manake Mkorea akihesabu vitu, vitu vinne, anatumia hiyohiyo ne. Sio nafanya utani, nne yake mbele ya neno la kuhesabia, lile linalosema ni watu au ni vipande, ni ne. Mtu akiligundua hili usiku hataki kulala, anataka kuanzisha video. Mi huwa namwambia subiri, mwite na ndugu zake. Namba haziendi peke yake, zinatembea kwa familia, kwa hiyo kama nne ni ndugu basi moja, mbili na tatu nazo zionyeshe japo sura ya pua. Mkorea anahesabu hana, dul, set, net. Sisi moja, mbili, tatu, nne. Umeona? Hakuna kitu. Na pia ona hapo mwisho, ikisimama yenyewe ni net, ile t inadondoka tu ikifuatwa na neno la kuhesabia. Ni bahati tu, imegongana.

Alafu sasa geukia huku ambako sura hazifanani sana. Mzulu nne yake ni -ne, hilo halishangazi. Mshona anasema -na. Lingala ni minei. Toka nje ya Kibantu, nenda kwa Waewe wa Ghana na Togo, ene. Wanaoongea Kitwi hukohuko Ghana, anan. Endelea mpaka kwa Wafulani kule Senegal, nay. Na hao Wafulani tatu yao ni tati. Tatu, tati, nne, nay, hapo sasa ndo kuna maongezi, kwa sababu wanaisimu wanaziweka lugha hizi zote kwenye familia moja kubwa ya Niger-Kongo na wana sababu nyingi zaidi ya hizi namba. Kwa hiyo ne ya Korea inayofanana na yetu kama pacha haituhusu, na nay ya Senegal ambayo ungeipita tu ndo damu yetu. Hili ndo jambo ambalo natamani watu wengi wangelielewa, kufanana na undugu ni vitu viwili.

Utauliza nay inakuwaje ne. Hapa huhitaji chuo, unahitaji meno yako. Chukua jino, toa j unabaki na ino, weka ma ya wingi, ma-ino, alafu sema haraka. Meno. A na i zikikutana kwenye Kiswahili zinayeyuka zinakuwa e. Kwa hiyo wataalamu wakisema Kibantu cha kale nne ilikuwa nai na Lingala bado ina minei na sisi tuna ne, hawajabuni, ni mtindo uleule wa meno. Ndo maana nawashauri watu, ukitaka kujua asili ya neno tafuta kanuni inayorudi kwenye maneno mengine pia, usitafute kufanana kwa neno mojamoja. Kanuni ikifanya kazi mara moja tu, huko ni kubahatisha.

Na cha kuchekesha Mgiriki naye kapita njia hiyohiyo bila kutuuliza. Ndiyo yake anaitamka ne lakini akiiandika anaweka alfa na iota, herufi zao za a na i, yaani nai, manake Wagiriki wa kale walikuwa wanazitamka zote mbili. Tahajia imebaki kama picha ya zamani. Kwa hiyo ukikutana na lugha yenye maandishi ya kale, kabla hujasikiliza inavyotamkwa leo angalia kwanza ilivyoandikwa.

Hizi ne za kukataa, ile ya Bulgaria, Serbia, Ucheki, na ile ya Mfaransa, kweli ni za ukoo mmoja, pamoja na ile "na" ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, ambayo ni hapana. Ila hata ndani ya ukoo usilale. Ne ya Mfaransa imetoka kwenye non ya Kilatini. Ne ya Mwitaliano, ile anayoitumia kusema "nataka kadhaa kati ya hivyo", imetoka kwenye inde ya Kilatini, neno jingine kabisa, na pacha wake wa kweli kwa Kifaransa ni en. Lugha mbili jirani, mama mmoja, herufi zilezile na bado sio neno moja! Sasa kama hapo tu inadanganya, Korea na Zanzibar si ndo kabisa.

(Hiyo ya Mfaransa ina vituko vyake. Aliongeza pas ambayo maana yake ni hatua, kama vile siendi hata hatua, ili kukazia hapana yake, alafu taratibu pas ikachukua kazi yote na leo kwenye maongezi ya kawaida ne wanaimeza, wanabaki na pas. Hatua imekuwa hapana. Mwanaisimu wa Denmark, Otto Jespersen, aliuandika mzunguko huu mwaka 1917 na lugha kibao zimeupitia.)

Turudi kwa Mjapani na Mbrazili manake hapo ndo ubishi mkubwa upo, eti ne ya Kijapani imeletwa na Wareno. Né ya Mbrazili, ambaye anaongea Kireno, ni não é imefupishwa, siyo?, hilo halina ubishi. Wareno walifika Japani mwaka 1543, na kweli waliacha maneno, pan ya mkate ni pão ya Kireno. Basi watu wakishajua hilo wanabeba kila kitu, wanakwambia hadi arigato ni obrigado, asante ya Wareno. Hapana. Arigato inatokana na arigatashi, neno ambalo lipo kwenye maandishi ya Kijapani mamia ya miaka kabla Mreno yeyote hajatia nanga kule. Tarehe ndo hakimu wako. Mtu akikuletea hadithi ya asili ya neno muulize swali moja tu, neno lilionekana lini kwa mara ya kwanza na hao wakopeshaji walifika lini. Hadithi nyingi zinafia hapohapo.

Na usidhani ni ne peke yake inayodanganya. Kule Australia kuna lugha inaitwa Mbabaram, mtafiti R. M. W. Dixon alikuta mbwa wanamwita dog. Dog! Kama Waingereza. Na sio mkopo, lugha za jirani zinasema gudaga, Mbabaram waliifupisha kwa kanuni zao wenyewe mpaka ikafika hapo.

Mi ninavyofanya, kila neno fupi linalonivutia nalitengenezea ukurasa kwenye simu, naweka linavyotamkwa, umbo la zamani kama lipo, na ndugu zake wa karibu kwenye lugha hiyohiyo. Asilimia kubwa linakufa kwenye hiyo ndugu zake. Na ukitaka kuanza anza na lugha unayoijua, andika nne na nane. Kikuyu ni inya na inyanya. Kinyarwanda kane na umunani. Sisi nne na nane, yaani ne imejirudia, nne na nne. Sita, saba na tisa waache kwanza, hao tumewachukua kwa Waarabu. Ila usitegemee kila Mbantu atakupa jibu hilo, Mzulu nne yake ni ileile lakini nane anakwambia isishiyagalombili, shiya ni acha, mbili unaijua, yaani kwenye vidole kumi acha viwili.