Maswali na majibu: lenzi ya mpako mmoja au ya mipako mingi?

Maswali ya majuma haya mawili karibu yote yanagusa mpako wa lenzi, ule utando mwembamba, wa tabaka moja au kadhaa, unaofanya kioo king'ae zambarau au kijani ukikimulika kwa tochi. Nayajibu nikiwa Kigoma, na hilo lina uzito: hapa jua huzama ziwani, nyuma ya milima ya Kongo, kwa hiyo kila anayepiga picha jioni akilitazama ziwa analitazama jua pia.

*Shikamoo. Mimi ni kijana wa Ujiji. Nimepata kamera ya Zenit yenye lenzi ya Helios 44-2, mpako mmoja. Muuzaji ana lenzi nyingine ya 50mm yenye mipako mingi inayoingia kwenye kamera hiyohiyo, lakini bei yake inazidi kwa zaidi ya nusu. Kuna tofauti ya kweli au ni maneno ya biashara?*

Marahaba, mwanangu. Tofauti ni ya kweli, ila haiko kila mahali.

Kioo kitupu, kila uso wake unaogusa hewa, hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga. Helios 44-2 ina vioo sita katika makundi manne, vingine vikiwa vimegandishwa pamoja, maana yake nyuso nane zinazogusa hewa. Bila mpako wowote, katika kila mafungu 100 ya mwanga yangefika kwenye filamu kama 72. Mpako mmoja hushusha hasara ya kila uso hadi karibu asilimia 1.5, yakafika kama 89. Mipako mingi iliyotengenezwa vizuri huiacha chini ya nusu asilimia, yakafika 96 au zaidi.

Sasa usihesabu tu mwanga uliopotea. Jiulize umekwenda wapi. Sehemu hurudi nje kwa mbele ya lenzi na kwenda zake. Sehemu nyingine hugonga kioo, ikarudi, ikagonga tena, kisha ikaishia kwenye filamu mahali pasipo pake. Hiyo ndiyo inayofanya weusi uwe kijivu, rangi zipauke, na madoa ya mwanga yajipange picha nzima. Kazi kubwa ya mpako ni kuuzuia mwanga huo uliopotea njia.

Ukisimama na jua mgongoni, ukapiga mitumbwi iliyopandishwa mchangani, hakuna atakayetambua umetumia lenzi ipi. Jua likiwa ubavuni, nje ya picha, hudi, yaani kikinga jua kinachofungwa mbele ya lenzi, inamaliza sehemu kubwa ya tatizo, na kama huna, kiganja chako au kivuli cha mwembe kinatosha. Mdomo wa kufungia filta wa Helios 44-2 ni 49mm, hivyo tafuta hudi ya kipimo hicho. Jua likiwa ndani ya picha yenyewe, hapo mipako mingi inastahili bei yake.

Ushauri wangu: kama Helios hiyo ni safi ndani, ichukue, na fedha inayobaki inunue hudi na filamu. Mwanafunzi wa picha anajifunza zaidi kwa filamu tano alizopiga kuliko kwa lenzi bora isiyo na filamu.

*Nitajuaje lenzi ina mpako wa aina gani? Maandishi yamefutika.*

Zima taa za chumbani, washa balbu moja, iangalie ikijirudia ndani ya lenzi. Taswira zote zikiwa za rangi za jamii moja, bluu na zambarau au kahawia ya asali, mara nyingi ni mpako mmoja. Ukiona mchanganyiko, huku kijani, kule zambarau, pengine wekundu, na taswira zenyewe ni hafifu, hiyo ni mipako mingi. Taswira nyeupe kabisa yenye nguvu ina maana kwamba uso huo hauna mpako, au ulikuwa nao ukafutwa.

Zambarau hiyo ina sababu. Mpako mmoja, ambao kwa kawaida ni floridi ya magnesiamu, una unene wa kama sehemu moja ya 10,000 ya milimita. Unene huo hupangwa ili uzuie zaidi mwanga wa katikati, yaani kijani. Bluu na nyekundu hubaki zikirudi kidogo, nazo zikichanganyika unaona zambarau. Mipako mingi ilibuniwa ili kuzishika rangi zote kwa pamoja.

*Mimi napiga wavuvi wa dagaa usiku, Kibirizi. Kila taa ya mtumbwi inazaa doa jingine upande wa pili wa picha. Nimefunga hudi, haisaidii.*

Haiwezi kusaidia, ndugu yangu, kwa kuwa taa iko ndani ya picha. Hapa ndipo mipako mingi inaonyesha thamani yake kuliko mahali pengine popote: taa kali, giza nene pande zote, na doa halina pa kujificha.

Hata hivyo kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: idadi ya nyuso ina uzito sawa na mpako. Kabla mpako haujapatikana, wabunifu wa lenzi walikuwa wanakimbia nyuso za hewa. Lenzi ya Planar ya Paul Rudolph ya mwaka 1896 ilikuwa na nyuso nane, nayo ikateswa na mwanga huu wa kurudirudi. Ludwig Bertele, alipobuni Sonnar ya f/2 mwanzoni mwa miaka ya 1930, aligandisha vioo sita katika makundi matatu, zikabaki nyuso sita tu. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa Carl Zeiss kule Jena akapata namna ya kupaka kioo, na ndipo miundo yenye nyuso nyingi ilipopumua. Jupiter-8 ya Kisovieti ni mtoto wa Sonnar ile. Ina mpako mmoja, lakini ukiiweka mbele ya taa hizo inaweza kukushangaza kuliko lenzi ya zumu yenye mipako mingi na vioo kumi na kitu.

Wakati unatafuta fedha, fanya hivi. Doa kwa kawaida huangukia upande wa pili wa kitovu cha picha, likitazamana na taa yake. Taa kali kuliko zote iweke karibu na katikati, doa lake litaangukia juu yake yenyewe.

*Nipo Tabora, ni mwanamke, nataka kupiga Boma la Mjerumani, stesheni ya reli na wazee wa mtaani kwetu kwa filamu nyeusi na nyeupe tu. Naambiwa mpako mmoja ndio unaifaa filamu hiyo. Ni kweli?*

Dada yangu, maneno hayo yana asili. Kampuni ya Cosina, kwa jina la Voigtländer, imeuza lenzi za Nokton za 35mm na 40mm za f/1.4 katika namna mbili, SC ya mpako mmoja na MC ya mipako mingi: vioo vilevile, mpako tofauti. Wapenzi wa nyeusi na nyeupe walivutiwa na SC kwa sababu mwanga ule uliopotea njia huangukia hata kwenye vivuli na kuvipunguzia ukali.

Mimi siukubali ushauri huo. Mzee ameketi chini ya mwembe saa saba mchana, kanzu yake imeguswa na jua, uso uko kivulini. Mpako mmoja utaukijivisha uso ule, lakini hautaongeza hata mkunjo mmoja ambao filamu haikuupata. Ukitaka macho yake yaonekane, ongeza mwanga hatua moja, yaani mara mbili, kisha punguza muda wa kusafisha filamu kwa kama asilimia 20 ili kanzu isiungue. Hapo umeupa uso mwanga wa kweli, na mzee huyo anastahili hivyo.

Kama tayari una lenzi ya mpako mmoja, itumie bila hofu. Picha ikipauka, karatasi ya kuchapia ya gredi 3, yenye ukali zaidi, badala ya 2 itarudisha sehemu kubwa ya nguvu yake. Kwenye filamu ya rangi uokoaji huo ni mgumu zaidi, na ndiyo maana kwa rangi nasisitiza mipako mingi.

*Je, niongeze mwanga nikitumia mpako mmoja?*

Hapana. Pengo ni chini ya robo ya hatua, na filamu ya negativu hailihisi.

*Nimefunga filta ya UV kulinda lenzi yangu ya mipako mingi. Nafanya vibaya?*

Kama filta haina mpako, ndiyo. Umeongeza nyuso mbili tupu mbele ya kazi nzuri. Ivue unapoelekea jua au taa.

*Kuna nyuzi kama utando wa buibui ndani ya lenzi yangu. Fundi anasema atazisugua zitoke.*

Hizo ni kuvu. Tafadhali, usimruhusu asugue.

Lenzi yangu ya kwanza nzuri iliingia kuvu masika moja, nikaipeleka kwa fundi. Alisugua kwa dawa yenye chenga, kuvu zikatoka pamoja na mpako. Sikujua hadi niliposafisha picha za harusi moja: mama wa bibi harusi kasimama ziwa likiwa nyuma yake, na uso wake umefunikwa na weupe. Picha ile haikuwa na ya pili. Bado inaniuma.

Kuvu changa hufutwa taratibu na mtu anayejua kufungua lenzi, kwa kitambaa laini na kimiminika cha kusafishia vioo vya lenzi. Zikikaa, huula mpako na hata kioo, na hapo hakuna dawa. Toa lenzi kwenye mkoba wa ngozi. Iweke katika kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya jeli ya silika vinavyokuja na viatu vipya. Mchele usiutumie, una vumbi. Na msimu wa mvua, itoe kila wiki upige nayo picha.