Kituo cha wasio na makaazi: anzeni kwa Sheha

Waalaykum salaam ndugu yangu. Umeuliza kama majirani wanaweza kuzuia nyumba ya Mji Mkongwe, Unguja, isigeuzwe kituo cha wasio na makaazi. Pingamizi lao litasikilizwa, lakini uamuzi si wao. Anzeni kwa Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, kisha Mamlaka ya Mji Mkongwe, maana mji ule ni urithi wa dunia tangu 2000. Hata kubadilisha mlango wa mbele kunataka kibali. Mchoro wa nyumba uonyeshe vyoo na pa kufulia, ndipo watu wanapouliza sana.

Mimi nawaunga mkono kwa moyo wote. Nyumba za Sebleni, makao ya serikali, ni za wazee. Kijana anayelala barazani Darajani, kule sokoni, boksi chini, viatu kavilalia visiibiwe, aende wapi? Na kwenye kikao muwaite hao wasio na makaazi pia waseme.