Mfupa wa jino ukishalika: uliza kwanza shimo lina umbo gani

Wanaojua kwamba nilitibiwa fizi huniuliza swali moja: mfupa unaoshikilia meno, uliolika kwa ugonjwa wa fizi, ulirudi? Ulirudi kwenye gego moja la chini, na hata hapo haukujaa wote. Kwenye meno ya mbele haukurudi, na daktari alishaniambia mapema kwamba hautarudi. Elewa sababu yake kabla hujatoa hela.

Mfupa haupungui kwa namna moja. Kuna unaposhuka wote kwa usawa, meno yakaonekana marefu na mapengo meusi yakajitokeza kati yake, karibu na fizi. Na kuna unapolika upande mmoja wa mzizi tu, likabaki shimo jembamba lenye kuta za mfupa pande mbili au tatu. Hilo la pili ndilo lenye matumaini. Mchanga ukimwagwa shimoni hutulia. Ukimwagwa juu ya tuta huporomoka. Kwa hiyo ukionyeshwa picha ya eksirei, usiishie kuuliza umepoteza mfupa kiasi gani. Uliza umelika wima au umeshuka sawasawa.

Hata shimo likiwa zuri, hakuna daktari makini anayeanza na upasuaji. Kwanza hupitisha kijiti chembamba chenye alama za milimita kati ya fizi na jino, huku akimsomea msaidizi namba: mbili, tatu, tatu, saba. Hadi 3 si tatizo. Ile saba ndiyo ilinifanya nikaze mikono ya kiti. Kisha unachomwa ganzi na kukwanguliwa ugaga uliojificha chini ya fizi, mpaka kwenye mizizi, na baada ya wiki kadhaa unapimwa upya. Mifuko mingi, yaani hizo nafasi kati ya fizi na jino, hupungua kina kwa usafi huo tu, kwa sababu uvimbe unaisha na fizi inalishika jino tena. Ila jiandae: fizi ikinywea, jino huonekana refu zaidi na maji baridi huuma. Wengi hapo hudhani wameharibiwa, wakakimbia matibabu katikati.

Mfuko ukibaki na kina, ndipo upasuaji unapozungumzwa. Fizi hufunuliwa, shimo husafishwa, hujazwa chembe za mfupa, na mara nyingi hufunikwa kwa utando kabla ya kushonwa. Ngozi ya fizi hukua haraka kuliko mfupa. Isipozuiwa, huwahi kuteremka na kuichukua nafasi. Ripoti ya kwanza ya kutumia kizuizi cha aina hiyo kwa binadamu ilitoka mwaka 1982, kwa hiyo si uchawi wa juzi.

Uliza chembe hizo zimetoka wapi. Zipo za taya yako mwenyewe, za mtu aliyefariki, za ng'ombe, na za kutengenezwa. Ipo pia jeli ya protini inayotokana na meno machanga ya nguruwe. Kama dini yako au msimamo wako unagusa jambo hilo, liseme kabla ya siku ya upasuaji.

Ukivuta sigara, usishangae daktari akikataa. Kidonda cha mvutaji hupona kwa kusuasua, na matokeo huwa hafifu. Tena sigara inaficha ugonjwa wenyewe, maana fizi za mvutaji hazitoki damu sana. Kisukari kisichodhibitiwa nacho huharibu kazi. Mafuta na dawa za meno zinazodaiwa kuotesha mfupa, mimi nazipita.

Eksirei ya kuona kama mfupa umeota husubiri miezi sita hadi mwaka. Katikati hapo utarudi kusafishwa mara kwa mara, mimi kila miezi mitatu, na nyumbani kuna vibrashi vya katikati ya meno. Kibrashi kiingie kwenye pengo kikibana kidogo bila kulazimishwa. Saizi moja mara chache hutosha mdomo mzima: mimi nina kinene cha nyuma na chembamba cha mbele, na hutumia usiku, kabla ya mswaki.