Wiki Kuu na mtu wa Mwaloni

Ndugu yangu umeuliza mtu anayeshinda Mwaloni Kirumba, lile soko la samaki la Mwanza, kwenye biashara ya dagaa, atafanya nini na habari za siku za mwisho za Yesu, mi naona anza na ile Alhamisi usiku, Yohana 13. Yesu anajua kabisa Yuda, mwanafunzi wake, anaenda kumsaliti na bado anajifunga kitambaa anamwosha miguu na wenzake wote, Yuda anatoka baadaye akishapewa tonge. Sasa yule uliyemkopesha mzigo anakukwepa, deni dai, ni haki yako kabisa, ila usimvunjie utu mbele za watu.

Halafu Gethsemane, pale Yesu alipoenda kusali usiku huohuo kabla hajakamatwa, aisee hapo mi huwa nakaa sana. Marko 14 inasema alifadhaika na kuhuzunika, akawaomba wanafunzi wake watatu wakeshe naye, wakalala!! Kwa hiyo ukielemewa usijikaushe, mwambie mtu, lia mbele za Mungu kikombe, yaani hayo mateso, kiondoke kama Yesu alivyoomba, na huyo mtu akikuangusha usimfute, Petro alilala akamkana Yesu mara tatu na bado ndo aliyeambiwa lisha kondoo zangu. Soma hizo sura mbili hata kwenye simu ukisubiri mitumbwi iingie.